Hujala tangu jana usiku, sukari iko 9: imetoka wapi?

Mtu amekula saa mbili usiku, akalala, akaamka saa kumi na mbili asubuhi na kujipima kabla ya kutia chochote mdomoni. Mashine inaonyesha 9 mmol/L, yaani 162 kwa wanaosoma kwa mg/dL (zidisha kwa 18). Swali linalomjia ni lile lile kila siku: jana nilikula nini? Swali hilo linampeleka pasipo. Saa kumi baada ya mlo, utumbo ulishamaliza kazi yake zamani. Sukari ile imetoka kwenye ini, na ini limeitoa kwa sababu insulini, homoni ya kongosho inayoshusha sukari, haikulizuia vya kutosha.

Tumezoea kuelezwa kwamba insulini ni ufunguo, seli ni nyumba, na sukari ni mgeni aliyesimama nje. Si uongo, ila ni nusu ya maelezo, na kwangu mimi ni ile nusu ndogo. Aliyeshika picha ya ufunguo peke yake hawezi kueleza sukari ya asubuhi. Hawezi kueleza kwa nini mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza anayetapika na asiyekula chochote bado lazima ajichome insulini. Wala hawezi kueleza kwa nini metformini, dawa isiyomwongezea mtu insulini hata tone, inashusha sukari. Insulini kabla ya yote ni breki: breki ya ini na breki ya mafuta.

Tuanze na hesabu. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi. Sukari ikiwa 5 mmol/L, glukosi (ndiyo sukari ya damu) yote iliyomo kwenye damu hiyo ni gramu 4 na nusu, karibu kijiko kimoja cha chai. Ubongo peke yake unatumia takribani gramu 120 kwa siku, gramu 5 kila saa, na hauhitaji insulini kuichukua. Kwa hiyo kama hakuna anayemimina, ubongo ungekausha damu yote ndani ya saa moja. Anayemimina ni ini. Usiku, ini la mtu mwenye kilo 70 hutoa karibu miligramu 2 kwa kila kilo kwa dakika, yaani gramu 8 na ushee kwa saa, usiku kucha, bila wewe kujua.

Linaitoa wapi? Kwanza kwenye akiba yake ya glikojeni, yaani glukosi iliyofungwa pamoja na kuwekwa, ambayo baada ya mlo hufika gramu 100 hivi. Akiba hiyo inapopungua, ini linatengeneza glukosi mpya kutokana na laktati, gliseroli inayotoka kwenye mafuta, na asidi amino. Misuli ina glikojeni nyingi zaidi, mara nne hivi, lakini misuli ni bahili: haina kimeng'enya cha kuirudisha glukosi kwenye damu. Ikiingia misulini, imeingia.

Sasa fikiria tangi lenye bomba linalojaza na tundu linalotoa. Sukari ya damu ni kina cha maji. Insulini inagusa kote kuwili, lakini si kwa nguvu sawa, na hapa ndipo penye siri ya mambo mengi. Kiasi kidogo kabisa cha insulini kinatosha kuzuia tishu za mafuta zisivunje mafuta yao. Kiasi cha juu kidogo kinahitajika ili ini lipunguze kumimina. Kiasi kikubwa zaidi ndicho kinachohitajika ili misuli ifyonze sukari kwa kasi. Shika mpangilio huo: mafuta, ini, misuli. Tutaurudia.

Anayeishika breki ni seli beta, iliyo kwenye visiwa vidogo ndani ya kongosho ambavyo Paul Langerhans alivieleza mwaka 1869 bila kujua kazi yake. Seli beta haina jicho la kuona sukari; inaijua kwa kuila. Glukosi ikiongezeka kwenye damu huingia ndani ya seli, kimeng'enya kiitwacho glukokinasi huikamata na kuianzishia safari ya kuunguzwa, na nishati ya ATP inapatikana. ATP ikiongezeka, vijia vya potasiamu kwenye utando wa seli hufungwa. Chaji ya umeme ya utando inabadilika, kalsiamu inaingia, na vifuko vilivyojaa insulini vinamwaga mzigo wao nje. Sukari ikishuka, ATP inapungua, vijia vinafunguka, umwagaji unakoma. Insulini iliyokwisha kutoka nayo haikai: kwenye damu nusu yake huwa imetoweka ndani ya dakika chache tu, kwa hiyo kongosho lenye afya linaweza kubadili nia haraka. Sindano haiwezi hivyo. Ikishaingia chini ya ngozi, imeingia.

Dawa za kundi la sulfonilurea, kama glibenklamidi na gliklazidi, zinaingilia hapo kwenye vijia vya potasiamu. Zinavifunga moja kwa moja, sukari iwe juu au chini. Ndiyo maana aliyemeza glibenklamidi asubuhi kisha akaruka mlo wa mchana anaweza kuanguka: kongosho linaendelea kutoa insulini kana kwamba amekula. Figo zikiwa dhaifu, dawa hukawia mwilini, na sukari iliyopandishwa kwa kinywaji kitamu inaweza kushuka tena saa kadhaa baadaye. Mgonjwa wa namna hiyo hapewi maji ya sukari na kuachwa alale. Anahitaji kuangaliwa hospitali.

Mlo unapoingia, insulini hutoka kwa mikupuo miwili. Wa kwanza ni wa ghafla, ndani ya dakika kama 10, kutoka kwenye vifuko vilivyokuwa tayari mlangoni. Wa pili ni wa polepole na hudumu maadamu sukari bado iko juu. Mkupuo wa kwanza ni mdogo kwa ujazo lakini kazi yake ni kubwa: unaliambia ini liache kumimina kwa kuwa chakula kinakuja. Kwenye kisukari cha aina ya pili mkupuo huu hupotea mapema. Ini linaendelea kumimina huku utumbo nao unamimina, na sukari ya baada ya kula inaruka.

Kuna jambo la ramani ambalo watu wengi hawalijui. Damu inayotoka kongosho haiendi moja kwa moja kwenye mzunguko wa mwili. Inapita kwanza kwenye ini kupitia mshipa wa lango. Ini linaonja insulini ikiwa nzito, na linabaki na karibu nusu yake, kinachobaki ndicho kinachofika kwenye misuli na mafuta. Insulini ya sindano inapita njia ya kinyume: inatoka chini ya ngozi, inasambaa mwili mzima, na ini linaipata ikiwa imechanganyika na kupungua nguvu. Ili ini libanwe sawasawa, misuli inabidi ipate zaidi ya ilichohitaji. Hiyo ni sababu moja kwa nini kutibu kwa sindano ni kutembea kwenye ukingo: upande mmoja sukari ya juu, upande wa pili kushuka.

Na ule ufunguo? Kama ni lazima tubaki na mfano wa nyumba, basi tuurekebishe. Kwenye misuli na mafuta, mlango wenyewe, protini iitwayo GLUT4, hauko ukutani. Umehifadhiwa stoo, ndani ya seli. Insulini inashika kipokezi chake nje ya seli, ujumbe unapita kwa hatua kadhaa, na milango inapandishwa kutoka stoo na kupachikwa ukutani. Insulini ikiondoka, inarudishwa stoo. Msuli unaofanya kazi hupandisha milango hiyo kwa njia yake mwenyewe bila kusubiri insulini, na baada ya mazoezi hubaki msikivu zaidi kwa insulini kwa saa nyingi, hata usiku mzima. Kwa mwenye usugu wa insulini, yaani ambaye mwili wake hauisikii vizuri, hii ni neema. Kwa anayejichoma, ni sababu ya kushuka saa nane za usiku baada ya mchana wa kazi ngumu.

Breki inapokatika, na breki inapoteleza

Kisukari cha aina ya kwanza ni breki iliyokatika. Kinga ya mwili imeziua seli beta, insulini haipo au ipo kidogo mno. Rudi kwenye ule mpangilio: hata kile kiasi kidogo cha kuzuia mafuta yasivunjwe hakipo. Mafuta yanavunjwa ovyo, asidi za mafuta zinafurika kwenye ini, na ini linazigeuza kuwa ketoni. Ketoni ni asidi. Damu inachachuka, mgonjwa anapumua kwa nguvu na kwa kina ili atoe kaboni dayoksaidi, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, anatapika. Hii ndiyo ketoasidosisi, na inaua.

Aina ya pili ni breki inayoteleza. Insulini ipo, mara nyingi mwanzoni ipo kwa wingi kuliko kawaida, lakini ini na misuli hazisikii vizuri. Hiyo ndiyo maana ya usugu. Seli beta hufanya kazi ya ziada kwa miaka, na sukari hubaki sawa maadamu zinaweza. Usugu peke yake hauleti kisukari. Kisukari huja pale seli beta zinaposhindwa kufidia. Lakini insulini iliyobaki kwa kawaida inatosha kuyashika mafuta, kwa sababu mafuta yanahitaji kidogo. Ndiyo sababu mtu wa aina ya pili anaweza kuwa na sukari ya 25 bila ketoni nyingi, wakati wa aina ya kwanza anachachuka akiwa na 18. Daktari akitaka kujua kongosho bado linatoa kiasi gani hata kwa anayejichoma, hupima C-peptidi: kipande kinachokatwa seli beta inapotengeneza insulini, ambacho hakimo kwenye insulini ya dukani.

Kisukari cha ujauzito ni ndugu wa aina ya pili: homoni za kondo la nyuma huongeza usugu, hasa kuanzia nusu ya pili ya mimba, na kongosho lisiloweza kufidia linaonekana hapo.

Mkojo mwingi na kiu vinatokana na figo. Figo hurudisha glukosi yote iliyochujwa hadi damu inapofika karibu 10 mmol/L; juu ya hapo zinazidiwa, sukari inamwagika kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Kwa hiyo mtu anaweza kukaa na 8 kwa miaka bila kukojoa sana wala kusikia kiu, na kisukari tayari anacho. Vipimo haviangalii kiu: asubuhi bila kula 7.0 mmol/L au zaidi, saa mbili baada ya kunywa gramu 75 za glukosi 11.1 au zaidi, au HbA1c ya asilimia 6.5 au zaidi, na kama hana dalili kipimo kinarudiwa ili kuthibitisha. HbA1c nayo ina mtego wake. Inapima sukari iliyogandamana na himoglobini katika maisha ya chembe nyekundu, miezi miwili mitatu hivi. Chembe zikifa mapema, kama kwenye selimundu, namba inatoka ndogo kuliko ukweli.

Sasa metformini inaeleweka: inapunguza kumimina kwa ini. Haifungi vijia vya potasiamu, na ikitumika peke yake ni nadra kumshusha mtu. Dawa za kundi la SGLT2 hazigusi insulini. Zinazuia figo zisirudishe glukosi, inatoka na mkojo. Zinaweza kuleta ketoasidosisi hata sukari ikiwa si ya kutisha, jambo linalowachanganya wengi wanaotazama glukometa tu.

Sindano: pale dozi sahihi inapokuwa dozi isiyo sahihi

Sehemu kubwa ya "insulini haifanyi kazi" si kosa la insulini.

Angalia kwanza namba kwenye kichupa. Insulini nyingi ni U-100, yuniti 100 kwa kila mililita. Kichupa cha mililita 10 kina yuniti 1,000. Ipo pia U-40. Sirinji lazima ilingane na kichupa. Ukivuta insulini ya U-40 kwa sirinji ya U-100 hadi alama ya 20, umepata yuniti 8. Ukifanya kinyume, alama hiyo ya 20 inakupa yuniti 50. Kosa hili halitoi ishara yoyote hadi matokeo yaonekane.

Insulini yenye rangi ya maziwa, aina ya NPH, ni fuwele zinazozama chini. Kizungushe kichupa taratibu kati ya viganja mara 10, kigeuze juu chini mara 10, hadi kiwe na weupe ulio sawa kote. Usikitikise kwa nguvu, mapovu yanaharibu kipimo. Kisipochanganywa, dozi moja hutoka nyepesi na nyingine nzito, na mgonjwa analaumiwa kwa mlo ambao hakuula. Ukichanganya na insulini angavu ya muda mfupi kwenye sirinji moja, pulizia hewa kwenye kichupa cha maziwa, kisha kwenye angavu, vuta angavu kwanza, maziwa baadaye. Ukianza na maziwa, chembe zake zitaingia kwenye kichupa angavu na kukipunguzia kasi. Glajini, insulini ya muda mrefu, haichanganywi na kitu. Ni ya asidi, na ndiyo inayoifanya igande taratibu chini ya ngozi na kufanya kazi takribani saa 24.

Muda nao ni dozi. Insulini ya kawaida ya muda mfupi huanza baada ya dakika 30 na kufika kilele kati ya saa 2 na 4, kwa hiyo huchomwa nusu saa kabla ya kula. Aina mpya za haraka huanza ndani ya dakika 10 hadi 15. NPH ina kilele saa 4 hadi 10 baadaye. Ikichomwa saa kumi na mbili jioni, kilele kinaweza kuangukia usiku wa manane.

Halafu ngozi. Sehemu inayochomwa kila siku huota uvimbe laini wa mafuta. Hapaumi, ndiyo maana watu wanapapenda, lakini insulini inanyonywa hapo kwa kubahatisha. Sogea upana wa kidole kila sindano, na badilisha eneo kila wiki. Anayehama kutoka kwenye uvimbe kwenda ngozi nzima awe mwangalifu: dozi ile ile inaweza kumshusha vibaya, hivyo inapunguzwa kwa ushauri wa mtaalamu. Kwa kalamu ya insulini, sindano ya milimita 4 inawatosha wengi. Toa yuniti 2 hewani kwanza kuona tone, choma, hesabu hadi 10 kabla ya kuchomoa, na usiiache sindano kwenye kalamu.

Insulini isiyofunguliwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Iliyoganda itupwe, hata ikiyeyuka na kuonekana nzuri. Iliyofunguliwa hukaa nje ya friji wiki 4 kwa aina nyingi, isipate joto la zaidi ya nyuzi 30. Iliyoharibiwa na joto inaweza kubaki angavu vile vile, kwa hiyo sukari ikipanda bila sababu, badilisha kichupa kabla ya kubadilisha dozi.

Sukari ikiwa chini ya 3.9, mpe aliye macho na anayeweza kumeza gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa kwenye maji, au mililita 150 za juisi. Pima baada ya dakika 15, rudia ikiwa bado. Chokoleti haifai, mafuta yake yanachelewesha. Asiyejitambua asitiliwe kitu mdomoni. Aliyekunywa pombe yuko kwenye hatari ya namna yake, maana pombe inazuia ini kutengeneza glukosi mpya, na anaweza kushuka saa nyingi baada ya glasi ya mwisho.

Siku ya homa ndiyo inayoangusha wengi wa aina ya kwanza. "Sijala, kwa hiyo sijichomi." Lakini homa huinua homoni zinazolichochea ini, na breki ya mafuta bado inahitajika. Insulini ya muda mrefu haiachwi. Pima sukari kila saa 2 hadi 4, kunywa maji, pima ketoni. Ketoni za damu chini ya 0.6 mmol/L ni kawaida, 3.0 na kuendelea ni safari ya hospitali mara moja, na anayetapika bila kukoma asisubiri namba hiyo.

Turudi kwenye ile 9 ya asubuhi. Kuelekea alfajiri homoni ya ukuaji na kotisoli hupanda na kulihimiza ini. Kongosho zima hujibu kwa insulini zaidi kidogo, lililochoka haliwezi. Ipo nadharia kwamba sukari ilishuka usiku kisha ikarudi kwa kishindo. Inapendwa kuliko inavyothibitishwa; aliyeshuka usiku mara nyingi huamka akiwa chini. Badala ya kubahatisha, pima mara tatu kwa siku mbili tatu: unapolala, saa tisa usiku, na unapoamka. Ukilala na 9, ukaikuta saa tisa na ukaamka nayo, tatizo ni mlo wa jioni au dozi yake. Ukilala na 6, saa tisa 6, ukaamka na 9, hiyo ni alfajiri yenyewe, na muda au aina ya insulini ya usiku ndiyo ya kuzungumza na daktari. Saa tisa ikiwa 3.5, usiongeze insulini ya usiku hata kama asubuhi iko juu.